Ufunguo Ulihamia Kaliua

Nimetumwa Usoke na fomu ya kurasa kumi na nane
kupima mradi wa kusoma, darasa la kwanza na la pili.
Visanduku vya fomu vina kiu ya tiki.
Vitabu vilifika? Tiki. Mia sita na arobaini,
sahihi ipo, muhuri upo.
Walimu walifunzwa? Tiki. Siku tano, Tabora mjini,
posho ililipwa, cheti kimetundikwa
juu ya kichwa cha Mwalimu Mihayo,
ambaye siku hizi anafundisha darasa la saba.

"Kwa nini la saba?"
"Mtihani wa taifa," anajibu,
kana kwamba nimemuuliza kwa nini mvua haipandi juu.

Na vitabu?
Wananipeleka kwenye kabati la chuma, la kijivu,
kufuli lake limekaa kama kobe aliyejificha.
Ufunguo aliondoka nao mwalimu mkuu wa zamani,
Kapalata, alipohamishiwa Kaliua
kwa barua iliyofika Jumatano ikimtaka Ijumaa.
Hakuiba. Ulikuwa kwenye shada moja
na wa nyumba yake na wa baiskeli.
"Mwezi wa pili huu?"
"Wa kumi na nne."

Hakuna aliyevunja.
Mali ya mradi, anasema mkuu mpya, na mradi una wenyewe.
Aliandikia kata. Kata wakaandikia wilaya.
Wilaya wanasubiri maelezo ya shule.
Ninachora mishale kwenye daftari langu,
huu unaenda kule, ule unakuja huku,
nikiinua kalamu naona nimechora ringi,
ya kusukumwa na mtoto barabarani kwa kijiti.

Darasa la pili lina watoto tisini na saba
na Mwalimu Kalunde, ambaye hakwenda semina.
Ukutani amebandika mifuko ya saruji, upande wa ndani,
hadithi kwa kalamu nzito ya buluu.
Za watoto wenyewe: wanasema, anaandika, wanasoma.
Shija ananyoosha kidole cheusi kwa utomvu wa tumbaku,
anafuata mstari polepole, kama anayevuka mto kwa mawe:
*Bani la baba lina moshi.
Moshi hauli, lakini kuni unamaliza.*
Nacheka. Anaona nimecheka, anarudia kwa sauti.

Natafuta kisanduku cha mifuko ya saruji.
Hakipo.

"Wenzako wanajua unafanya hivi?"
"Wanapita dirishani."
"Kwenye kikao hukuwahi kusema?"
"Kikao ni cha kusomewa waraka," anasema,
"ukimaliza kusomwa, tunatawanyika."

Nakumbuka mratibu wetu, kwenye ukumbi wa Tabora,
alivyotuambia shule njema ni mzinga,
kila nyuki anajua kazi yake.
Namwambia Kalunde. Kwao ni wafuga nyuki, Sikonge.
Anafuta chaki kwenye kiganja.
"Nyuki," anasema, "hawahamishwi kwa barua."

Jioni naenda stesheni, ambako mtandao unakamata,
nampigia Kapalata. Anashtuka,
nasikia shada likitikiswa.
"Uo huu hapa! Mimi nilidhani walishavunja."
"Wao walidhani utaurudisha."
Anapumua. Treni ya mizigo inapita kati yetu,
mabehewa mengi, sihesabu.
Halafu anasema, kwa sauti ya mtu anayeungama:
"Huku nako nilikuta kabati.
Aliyenitangulia yuko Nzega. Ufunguo anao yeye."

Usiku, gesti, taa inakonyeza.
Naandika kwa kirefu jina la Kalunde
pembeni mwa ukurasa, mahali palipokatazwa kuandikwa.
Nalifuta. Nikilipeleka juu watamwita semina,
watampa cheti, watampandisha darasa la saba.
Naliandika tena.

Swali la sitini na moja, la mwisho:
*Je, uzoefu wa shule hii unaweza kuigwa kwingine?*
Nimeandika:
Umeshaigwa.